Nafuu ya kodi ya pampu ya joto: pesa hupotelea kwenye ankara

Wabongo, Wakenya na Wakongo wengi walionunua nyumba Marekani huliita punguzo la kodi (tax credit) la waliofunga pampu ya joto "mkopo wa kodi", na jina hilo peke yake limewanyima watu pesa. Mama akisikia mkopo anajibu kwamba tayari ana wa nyumba, wa gari na wa chuo cha mtoto, wa nne hautaki. Si mkopo. Haurudishwi, hauna riba, na hakuna atakayekuja kuudai. Ni dola inayofutwa kwenye kodi ya mapato unayodaiwa na serikali kuu. Tuiite nafuu ya kodi. Wala tusiichanganye na makato: makato hupunguza mapato yanayotozwa kodi, nafuu hii hupunguza kodi yenyewe. Mtu wa ngazi ya kodi ya asilimia 12 akipata makato ya dola 1,000 anaokoa dola 120. Akipata nafuu ya dola 1,000 anaokoa 1,000 kamili.

Habari mbaya itangulie. Sheria iliyotiwa saini Agosti 16, 2022 ilipanga nafuu ya vifaa vya kupasha na kupoza nyumba iende hadi mwisho wa 2032. Sheria nyingine, ya Julai 4, 2025, ikaikata njiani: kifaa kilichokamilika kufungwa baada ya Desemba 31, 2025 hakina kitu. Kwa hiyo fundi anayebisha hodi 2026 akisema serikali itakurudishia asilimia 30 anakuingiza mjini, au hajasoma sheria mpya, na kwa mfuko wako hayo mawili ni mamoja. Ila aliyefunga mashine 2023, 2024 au 2025 na hakudai, au alidai kidogo kuliko haki yake, bado anaweza kuifuata pesa hiyo. Hao ndio ninaowaandikia, na kosa la wengi wao halikutokea siku ya kujaza fomu. Lilitokea siku ya kusaini makadirio ya fundi.

Pampu ya joto, kwa asiyeijua, ni kiyoyozi chenye vali ya kugeuza njia ya gesi. Kiangazi kinatoa joto ndani na kulitupa nje, msimu wa baridi kinafanya kinyume: kinachota joto kwenye hewa ya nje, hata ikiwa ya barafu, na kulileta ndani. Kwa kuwa inahamisha joto badala ya kulizalisha, siku isiyo na baridi kali unit moja ya umeme inaweza kuleta joto la unit tatu. Wanaosema haiwezi kazi kwenye theluji waangalie jimbo la Maine, kule Portland na Lewiston ambako Wakongo na Wasomali ni wengi. Jimbo hilo lilijiwekea lengo la kufunga pampu mpya 100,000 hadi 2025, likalifikia 2023.

Sasa viwango. Nafuu ilikuwa asilimia 30 ya gharama, lakini ilikuwa na vikapu viwili. Kikapu cha kwanza kina pampu ya joto, hita ya maji inayotumia pampu ya joto, na majiko au boila za kuni zenye ufanisi wa asilimia 75 au zaidi. Dari yake, yaani kiwango chake cha juu, ilikuwa dola 2,000 kwa mwaka, vyote pamoja. Kikapu cha pili, chenye dari ya dola 1,200 kwa mwaka, kina vingine vyote, navyo vina vidari vyake, yaani dari ndogo ndogo, humo ndani: kiyoyozi cha nyumba nzima dola 600, tanuru la gesi la kupasha nyumba (furnace) 600, paneli ya umeme, yaani sanduku la breka, 600, madirisha 600, mlango wa nje 250 kila mmoja na milango yote isizidi 500, ukaguzi wa nishati wa nyumba 150. Insulesheni, yaani vifaa vya kuzuia joto lisipite kwenye dari na kuta, haina kidari chake, inaishia kwenye 1,200 ile ya jumla. Ukijaza vikapu vyote viwili, mwaka mmoja ulikupa dola 3,200. Na dari hizo zilianza upya kila Januari. Hapo ndipo wajanja walipopata faida na wenye haraka wakala hasara.

Tuchukue nyumba moja ya Columbus, Ohio, tuihesabu pole pole. Familia imefunga pampu ya joto kwa dola 9,000, mashine na kazi. Kampuni ya umeme imewapa ruzuku ya 800, na ruzuku ya kampuni ya umeme hutolewa kwanza, kwa hiyo msingi ni 8,200. Asilimia 30 yake ni 2,460, dari inaikata hadi 2,000. Wamebadilisha paneli ya umeme kwa dola 2,500: asilimia 30 ni 750, kidari kinaacha 600. Wamemwaga insulesheni darini kwa dola 1,800, ambapo vifaa ni 1,000 na ufundi 800. Hapa kuna mtego: kwa pampu, kiyoyozi, tanuru na paneli, gharama ya ufundi inahesabiwa, lakini kwa insulesheni, madirisha na milango haihesabiwi. Wanapata asilimia 30 ya 1,000, yaani 300. Fundi aliyeandika "insulesheni, $1,800" kwa mstari mmoja amewaachia kitendawili, maana hakuna anayeweza kuthibitisha vifaa vilikuwa kiasi gani. Ukaguzi wa nishati wa dola 400 unawapa 120. Jumla ni 3,020.

Lakini fomu yao ya kodi ya mapato, ya 1040, mstari wa 18, inaonyesha kodi ya dola 2,640. Nafuu hii haishushi kodi chini ya sifuri na haihamii mwaka unaofuata. Dola 380 zimekwenda na maji.

Wangefanya ukaguzi na insulesheni 2024, wakadai 420 mwaka huo, kisha pampu na paneli 2025, wangepata 2,600 ndani ya kodi ya 2,640, na kila senti ya zile 3,020 ingekuwa yao. Tena huo ndio mpangilio sahihi hata kwa fundi: dari la nyumba likizibwa kwanza kwa insulesheni, pampu inayohitajika huwa ndogo na bei yake hushuka.

Huo mstari wa 18 una balaa lake. Watu huangalia kiasi wanachorudishiwa Machi na kusema, "Mimi hurudishiwa kila mwaka, basi sidaiwi kodi, nafuu hii hainihusu." Kinachorudi ni pesa iliyokatwa kwenye mshahara kupita kiasi. Kodi unayodaiwa ni kitu kingine, imeandikwa kwenye huo mstari kabla ya kutoa nafuu zozote. Mtu anaweza kurudishiwa dola 4,000 huku kodi yake ikiwa 3,500. Fungua fomu ya mwaka uliofunga mashine, tia kidole hapo, usome.

Kosa la pili linafanana na hilo na linawagusa zaidi wenye familia kubwa kama zetu: "Watoto wangu wanne wamekwisha kuifuta kodi yote, hakuna nafasi ya pampu." Mpangilio wa fomu ni kinyume. Nafuu ya pampu ya joto inahesabiwa kabla ya nafuu ya watoto. Pampu inakula kodi kwanza, na sehemu ya nafuu ya watoto iliyokosa nafasi inaweza kurudi taslimu, hadi dola 1,600 kwa kila mtoto kwa mwaka 2023 na 1,700 kwa 2024 na 2025, kwa kutegemea kipato cha kazi. Kwa familia ya namna hiyo nafuu ya pampu inaweza kugeuka pesa mkononi kwa mlango wa nyuma. Kwa mifumo ya jotoardhi, ile inayochimbiwa mabomba uani, mambo ni tofauti: watoto wanatangulia, hakuna dari ya dola 2,000, ni asilimia 30 kamili, na kinachozidi kodi huhamishiwa mwaka unaofuata. Hiyo ni nafuu nyingine yenye sehemu yake kwenye fomu, nayo iliishia tarehe ile ile.

Sasa turudi kwenye mashine yenyewe, maana si kila pampu inayopuliza joto inastahili. Sheria ilitaka kifaa kifikie daraja la juu la ufanisi lililowekwa na muungano wa kampuni za umeme na gesi unaoitwa CEE, kama lilivyokuwa mwanzoni mwa mwaka wa kufunga. Vigezo vya 2023 na 2024 si vya 2025. Mashine iliyofaa Novemba 2024 haikufaa lazima Februari 2025, na duka lililokuwa na mzigo wa zamani halikuwa na sababu ya kukukumbusha. Kwa tanuru la gesi kipimo kilikuwa kikali kuliko watu wanavyodhani: ufanisi wa asilimia 97. Matanuru mengi yanayouzwa kwa sifa ya "ufanisi wa juu" ni ya 95 au 96, na hayo yalitoka kapa.

Kwa vifaa vya kupoza, tarakimu moja imewaponza wengi. Tangu Januari 1, 2023 kipimo cha ufanisi wa kupoza kilibadilika kutoka SEER kwenda SEER2, ambacho hupima mashine ikisukuma hewa dhidi ya upinzani mkubwa zaidi, unaofanana na wa mabomba ya nyumba halisi. Mashine ile ile hupata namba ndogo zaidi kwa SEER2: ya SEER 16 ni kama 15.2 kwa kipimo kipya. Muuzaji anayesema "hii ni kumi na sita" bila kutaja ni ipi anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kuna na EER2, kipimo cha siku ya joto kali, ambacho hupuuzwa kwa sababu hakibandikwi kwa maandishi makubwa. Mashine za kasi inayobadilika huweza kuwa na SEER2 ya kupendeza na EER2 ya kusikitisha, na kushindwa kwa kimoja ni kushindwa kwa vyote.

Jambo ambalo fundi wa haraka hatakwambia ni kwamba ufanisi si wa mashine ya nje peke yake. Ni wa jozi: kitengo cha nje pamoja na koili (mabomba yaliyojikunja yanayopitisha gesi) au kipuliza hewa cha ndani, na wakati mwingine tanuru nalo. Kila jozi iliyopimwa ina namba yake ya cheti cha AHRI, chama cha watengenezaji wa mitambo hii, na orodha yake iko wazi mtandaoni bila malipo. Kitengo kile kile cha nje kikifungwa na koili nyingine kinapata namba nyingine na vipimo vingine, na jozi nyingine haimo orodhani kabisa. Hapa ndipo wizi mdogo wa kila siku unapotokea: makadirio yanataja jozi nzuri, siku ya kufunga koili ile "haikuwepo stoo", inaletwa inayofanana, ankara haibadilishwi. Miaka miwili baadaye mwenye nyumba ana karatasi isiyolingana na chuma kilichoko basement.

Dawa yake inachukua dakika tano. Kabla fundi hajaondoka, piga picha kibati cha kitengo cha nje na kibati cha kitengo cha ndani, namba ya modeli na ya serial zisomeke. Cha ndani mara nyingi kiko nyuma ya mlango mdogo wa chuma unaofunguka kwa skrubu mbili, mwambie aufungue. Halafu ingiza namba hizo kwenye orodha ya AHRI uone kama zinatoa namba ile ile iliyo kwenye ankara. Modeli huwa na herufi mwishoni ambazo watu huziona pambo, nazo ndizo zinazoonyesha aina ya umeme na toleo la mashine. Ziandike zote.

Kwa vifaa vilivyofungwa 2025 kuna cha ziada: msimbo wa mtengenezaji, herufi na tarakimu nne tu, unaojazwa kwenye fomu ya kodi. Mtengenezaji alijiandikisha IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, na kupewa, na kwa kawaida unapatikana kwenye tovuti yake au kwa muuzaji. Bila huo, fomu ya 2025 inakwama. Kwa 2023 na 2024 haukutakiwa.

Kuhusu tarehe, sheria ni fupi na haina huruma: gharama inahesabiwa kuwa imetokea siku ufungaji ulipokamilika. Si siku uliyolipa amana, si siku mashine ilipofika gereji. Aliyelipa dola 5,000 Desemba 2024 na fundi akamaliza Januari 9, 2025 anadai mwaka 2025, kwa vigezo vya 2025, na kwa msimbo wa 2025. Aliyelipa yote Desemba 2025 na mashine ikawashwa Januari 2026 amekosa. Kama kibali cha jiji kilihitajika, karatasi ya mkaguzi ni ushahidi mzuri wa tarehe kuliko ankara, kwa sababu mafundi wengi huandika ankara siku ya kusaini mkataba. Na waliokopeshwa wasiwe na hofu: bei nzima inahesabiwa hata kama unalipa kwa miaka kumi, lakini riba haihesabiwi.

Paneli ya umeme inataka maelezo yake, maana ndiyo inayodaiwa vibaya zaidi. Nyumba nyingi za zamani ambazo watu wetu hununua zina paneli ya ampea 100. Pampu ya joto ya maeneo ya baridi huja na koili za umeme za akiba, tuseme kilowati 10. Kwa volti 240 hizo ni ampea karibu 42, na kanuni ya umeme inataka uongeze robo, unafika 52, kwa hiyo breka ya 60. Ukiwa tayari na jiko la umeme la breka ya 50 na kikaushio cha 30, paneli ya 100 imeshapumua mwisho. Nafuu ya dola 600 ilikubali paneli yenye uwezo wa ampea 200 au zaidi, iliyofungwa kwa kufuata kanuni ya taifa ya umeme, na iliyofungwa ili kuwezesha kifaa kingine kinachostahili. Aliyebadilisha paneli kwa ajili ya chaja ya gari pekee hakustahili hapa. Aliyebadilisha kwa ajili ya pampu lakini ankara ya fundi umeme haitaji pampu popote, anapaswa kumwomba fundi huyo barua ya mistari miwili. Ukaguzi wa nishati nao ulitaka ripoti ya maandishi, na tangu 2024 mkaguzi awe na cheti cha programu inayotambuliwa na Wizara ya Nishati. Fundi aliyepita na tochi akasema "hapa baridi inaingia" si mkaguzi.

Nani anadai? Kwa pampu, kiyoyozi na tanuru si lazima uwe mwenye hati ya nyumba. Mpangaji aliyelipia anaweza kudai, mradi anaishi humo na nyumba iko Marekani. Ndugu wawili walionunua pamoja na hati ikaandikwa jina la mmoja wasigombane: kila mmoja anadai kwa kiasi alicholipa, akiwa anaishi humo. Kwa insulesheni na madirisha ndipo umiliki na makazi makuu hutakiwa. Mwenye nyumba anayepangisha na haishi humo hapati kitu kwa njia hii. Anayekaa upande mmoja wa nyumba pacha na kupangisha wa pili anadai cha upande wake. Nyumba mpya kabisa haikuhusika, hii ni kwa nyumba iliyokuwepo.

Akina mama wanaolea watoto nyumbani kwa leseni wasome hapa kwa makini. Kama matumizi ya biashara hayazidi asilimia 20 ya nyumba, nafuu ni kamili. Yakizidi, unadai sehemu ya makazi tu. Nyumba ambayo asilimia 40 ni ya kulelea watoto inadai asilimia 60 ya gharama ya pampu: kwa dola 8,000 msingi unakuwa 4,800, nafuu 1,440 badala ya 2,000. Asilimia hiyo ilingane na ile uliyotumia kudai gharama za biashara mwaka huo huo. Huwezi kuwa na nyumba ya asilimia 40 kwenye ukurasa mmoja na ya asilimia 15 kwenye mwingine.

Mashine iliyofungwa vibaya inaweza kuwa na karatasi safi kabisa, na bili ya Januari ikamfanya mwenye nyumba aamini pampu ni utapeli. Kosa mama ni ukubwa. Mafundi hukadiria tani moja, yaani BTU 12,000 kwa saa, kwa kila futi 500 za mraba, wanaongeza nusu tani "ya usalama" na kufunga. Hesabu halali inaitwa Manual J, inapima madirisha, dari, uelekeo wa jua na upenyo wa hewa wa nyumba yako wewe, na umwombe fundi nakala. Mashine kubwa kupita kiasi Houston au Dallas inapoza chumba kwa dakika chache, inazima, unyevunyevu unabaki hewani, na kuta za bafuni zinaota ukungu. Kila kuwasha na kuzima kunachakaza kompresa. Kila tani inahitaji futi za ujazo kama 400 za hewa kwa dakika, na mabomba ya hewa ya nyumba ya zamani yaliyopimwa kwa tanuru dogo la gesi mara nyingi hayapitishi hizo. Filta ya bei ghali inayobana hewa kwenye mabomba membamba huzidisha tatizo.

Kwenye bomba za gesi ya kupozea ya mashine, uliza vitu viwili na usikie fundi anajibu nini. Umepima uvujaji kwa naitrojeni? Vakyumu, yaani kunyonya hewa yote bombani, umeishusha hadi maikroni ngapi? Jibu la pili linalotakiwa ni 500 au chini, na mshale ukae hapo pampu ya vakyumu ikizimwa. Anayesema "nimeivuta nusu saa" hakutumia kipimo, na unyevu uliobaki ndani utageuka asidi. Kwenye mini-split, ile pampu isiyotumia mabomba ya hewa, vifundo vya shaba vilivyokazwa kwa kukisia bila spana inayopima nguvu ya kukaza (torque) ndiyo chanzo cha uvujaji mwingi. Gesi yenyewe ilikuwa inabadilika wakati huo huo: mitambo iliyotengenezwa kuanzia Januari 1, 2025 iliacha R-410A na kuingia R-454B au R-32, na mwaka huo mitungi ya R-454B ilikuwa adimu. Vitengo vya kizazi cha zamani viliruhusiwa kufungwa hadi mwisho wa 2025. Aliyefungiwa kitengo cha nje cha gesi moja na koili ya ndani ya gesi nyingine hana jozi, hana namba ya AHRI, na hana nafuu.

Thermostati nayo: mtu akishusha joto usiku hadi nyuzi 60 za Fahrenheit na asubuhi akaruka hadi 70, neno AUX linatokea kwenye kioo na zile koili za kilowati 10 zinawaka. Hizo ni kama kupasha nyumba kwa pasi. Weka nyuzi 68 uiache, na umwambie fundi afunge koili zisiwake nje kukiwa juu ya nyuzi 35 au hivyo, kulingana na mashine yako. EM HEAT, joto la dharura, ni ya siku pampu imekufa.

Kwa aliyechelewa kudai, njia ni Fomu 1040-X, ya kurekebisha fomu ya kodi iliyokwisha kuwasilishwa, na Fomu 5695, ya nafuu za nishati, ya mwaka husika. Ya 2023 kwa 2023, usitumie mpya kwa mwaka wa zamani, mistari si ile ile. Vifaa vya kupasha na kupoza viko Sehemu ya Pili. Muda ni miaka mitatu: aliyewasilisha fomu ya 2023 kwa wakati ana hadi Aprili 15, 2027, ya 2024 hadi Aprili 15, 2028, ya 2025 hadi Aprili 15, 2029. Ankara haziambatishwi, zinakaa kwako. IRS huchukua wiki 8 hadi 12, wakati mwingine 16. Kwenye nafasi ya maelezo usiandike hadithi. Kitu kama hiki, kwa Kiingereza, kinatosha: nadai nafuu ya kuboresha nishati ya nyumba ambayo sikuidai mwanzo, pampu ya joto modeli fulani, ilikamilika tarehe fulani, gharama baada ya ruzuku ni kiasi fulani.

Baada ya pesa kuingia usitupe faili. Gharama ya pampu inaongezwa kwenye thamani ya msingi ya nyumba (basis), ile inayotumika kuhesabu faida, ukiondoa nafuu uliyopata, na hesabu hiyo itatakiwa siku ya kuuza. Kwa nyumba ile ya Columbus, ikipata 2,000 zote za pampu, ni 8,200 kutoa 2,000: unaandika 6,200.

Kwa wanaofunga sasa, kilichobaki ni ruzuku za kampuni za umeme na zile za majimbo. Mpango mmoja ulioanzishwa na sheria ya 2022 unatoa hadi dola 8,000 za pampu ya joto kwa kaya zenye kipato chini ya asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo, na nusu ya gharama kwa walio kati ya 80 na 150. Unaendeshwa na majimbo, si IRS, na punguzo hukatwa kwenye ankara moja kwa moja. Haurudi nyuma: idhini kwanza, mashine baadaye. Fundi akikwambia "tufunge kwanza, karatasi tutajaza wiki ijayo", mwache aende na ngazi yake.